ASILI YA MANENO: Kuonja kwa Ncha ya Midomo

Safari hii neno sikulichagua mimi. Limeletwa na barua, nayo barua imetoka kwa mke wa askari mmoja mwenye cheo cha koplo, akaaye katika nyumba za kambi ambayo sitaitaja. Ameandika kurasa mbili za daftari la shule kwa mwandiko safi, na kwa ruhusa yake nawaelezeni yaliyomo bila kutaja jina lake wala la mumewe.

Asema kwamba mumewe alirejea nyumbani baada ya kutumikia mwaka mzima na zaidi huko Somalia, ambako askari wetu wa Uganda walianza kupelekwa mwaka 2007. Alipokewa kwa shangwe, watoto wakamrukia, kuku akachinjwa. Lakini tangu mlo ule wa kwanza, kila sahani iwekwapo mbele yake, bwana huyu husema maneno mawili tu: "Onja kwanza." Akitengewa mchuzi wa karanga, onja kwanza. Akiletewa maziwa, onja kwanza. Mama huyu ameolewa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuambiwa neno kama hilo. Mama mkwe amelisikia, na jirani wa upande wa pili wa ukuta amelisikia vile vile, maana kuta za kota, kama mjuavyo, ni nyembamba. Ndipo anapouliza: "Bwana mwandishi, wewe ueelezaye maneno kila juma, nieleze na hili. Mtu anayeambiwa aonje chakula alichokipika kwa mikono yake mwenyewe, ameambiwa nini?"

Nakiri kwamba nilikuwa nimekwisha kuandaa jibu fupi na kali la kumkemea bwana huyo. Namshukuru Mungu sikulipeleka kwa mchapaji. Nalo jibu lilichelewa kwa sababu moja: swali lile lilinikumbusha neno nililopewa zamani chuoni, nilipokuwa nikisomea ualimu. Alikuwapo padri mmoja mzee aliyetufundisha historia, naye alikuwa na mazoea ya kutupa neno moja la Kilatini kila Ijumaa mwisho wa kipindi, kama mtu agawaye peremende. Ijumaa moja akatupa gustare. "Gustare ni kuonja," akasema, akafunga kitabu chake, akaenda zake kula.

Basi na tulitazame neno lenyewe.

Kwanza, gustare si kula. Warumi walikuwa na kitenzi kingine cha kula. Gustare ni kugusa kwa ulimi, kutwaa kidogo tu, kuchukua tonge la kujaribia. Mtu aliyeshika mwiko akadondosha mchuzi kiganjani na kuulamba ili ajue kama chumvi imekolea, huyo ndiye afanyaye gustare. Na maadamu kuonja hutangulia kula, Warumi wenye nafasi waliiita sehemu ya kwanza ya karamu yao gustatio, yaani maonjo. Humo waliweka mayai, majani mabichi, zeituni na samaki wadogo, pamoja na divai iliyochanganywa na asali. Matunda yalikuja mwisho kabisa, na kwa sababu hiyo walikuwa na msemo wa kwamba jambo limekwenda tangu yai hata tufaha, wakiwa na maana ya mwanzo hadi mwisho. Sisi tungesema tangu alifu hata yee, na kwa hakika wao walikuwa na njaa zaidi kuliko sisi.

Lakini katika nyumba ya Kaisari kuonja kulikuwa kazi ya mtu maalumu. Aliitwa praegustator, mwonjaji wa kutangulia. Kazi yake ilikuwa kuonja kila chakula na kila kinywaji kabla hakijafika kinywani mwa bwana wake, ili kama mna sumu, afe yeye. Wasomaji wetu walio askari na polisi wataielewa kazi hiyo upesi kuliko mimi nikaaye mezani na kalamu. Ni zamu ya ulinzi, ila silaha yake ni ulimi, na ajuaye kama zamu imefaulu ni yule mlinzi asiyeanguka.

Wanahistoria wawili wa Kirumi, Tacitus na Suetonius, wametuhifadhia jina la mmoja wa waonjaji hao: Halotus, towashi aliyemwonjea Kaisari Claudius. Claudius alifariki mwezi wa Oktoba mwaka 54, na uvumi ulioenea ni kwamba alilishwa sumu ndani ya uyoga, chakula alichokipenda mno. Waliotajwa ni mkewe Agrippina na huyo huyo Halotus. Wako wataalamu wa siku hizi wasemao kwamba huenda mzee yule alikufa kwa maradhi tu. Hata hivyo jambo la kuhuzunisha limebaki katika maandishi: aliyewekwa mlangoni kuizuia sumu ndiye aliyeshukiwa kuiingiza. Na Halotus hakuadhibiwa. Miaka kumi na minne baadaye, watu walipopiga kelele kumtaka Kaisari Galba amwadhibu, Galba alimpa cheo chenye mapato mazuri.

Kisa cha pili kinatia uchungu zaidi. Mwaka 55, miezi michache tu baada ya Claudius kuzikwa, mwanawe Britannicus alikuwa amekaa katika karamu pamoja na vijana wenziwe wa jamaa za kifalme, kwenye meza yao ya pembeni. Alikuwa karibu kutimiza miaka kumi na minne. Nero, nduguye wa kambo aliyekuwa ameshika utawala, alimtaka aondoke duniani. Lakini kijana alikuwa na mwonjaji wake, na kama kikombe kingetiwa sumu, basi mwonjaji na kijana wangekufa pamoja, na siri ingefichuka. Tacitus asimulia hila iliyotumika. Kikaletwa kinywaji cha moto sana, kisicho na sumu hata chembe. Mwonjaji akaonja, akawa mzima. Britannicus akapewa, akakikataa kwa kuwa kilimchoma. Basi likamiminwa ndani yake maji baridi ya kukipoza, na sumu ilikuwa katika yale maji. Maji hakuna aliyeyaonja. Kijana akaanguka, sauti na pumzi zikakatika. Nero, akiwa amejinyoosha kwenye kiti chake, akasema kwamba ni kifafa cha tangu utotoni na karibu atazinduka. Usiku ule ule wakamzika, na mvua ikinyesha.

Nimekisimulia kisa hiki kirefu kwa sababu hakuna mlinzi asomaye ukurasa huu asiyeijua njia ile ya maji baridi. Lango kuu lina askari wawili na kitabu cha wageni. Mwizi huingia na lori la kuni.

Kabla mtu hajasema kwamba hayo ni mambo ya wafalme wa mbali, na tujitazame. Katika sehemu nyingi za nchi zetu, mwenye nyumba amkaribishapo mgeni pombe, yeye mwenyewe hupiga funda la kwanza mbele ya macho ya mgeni, ndipo ampe. Wazee huliita tendo hilo kuondoa uchawi au kuondoa sumu. Angalia tofauti. Kwa Warumi mwonjaji alikuwa mtumwa au mtumishi wa mwenye kula. Kwetu mwonjaji ni yule yule aliyepika, naye huonja kwa hiari, wala haamrishwi. Ndiyo maana kwetu kuonja kwanza ni heshima. Mgeni akiamrisha, heshima imegeuka matusi. Huko mashariki ya Uganda wanywao malwa wameumaliza mjadala wote kwa akili kubwa: chungu ni kimoja katikati, na kila mtu ana mrija wake mrefu. Hapo wote ni waonjaji wa wote.

Basi mama aliyeniandikia alikuwa na haki ya kuudhika. Hivyo ndivyo nilivyoona wakati huo, na hivyo ndivyo nilivyoandika katika jibu langu la kwanza.

Sasa tuiendee maana ya pili ya gustare, ile ya mafumbo, maana humo ndimo nilimonaswa mimi mwenyewe.

Cicero, msemaji mkuu wa Roma aliyeuawa mwaka 43 kabla ya Kristo, alipotaka kumtaja mtu aliyeigusa elimu bila ya kuzama ndani yake, alitumia msemo uliokuwa umezoeleka kwa watu: mtu huyo ameionja elimu kwa ncha ya midomo. Hakumeza. Hata ulimini haikufika. Twaona basi kwamba kitenzi hiki kilichukua sifa yake ile ile ya jikoni, ya kutwaa kidogo, kikaingia nayo darasani na vitani. Mtu huweza kuonja falsafa, kuonja uongozi, kuonja uhuru. Na Kiswahili hakikuhitaji kufundishwa na mtu kufanya hivyo. Twasema fulani ameonja jela, ameonja joto ya jiwe, ameonja madaraka. Twasema kwamba mwonja asali haonji mara moja, na hapo hatuwazungumzii nyuki. Tofauti ninayoiona ni hii: Cicero alilitumia neno hilo kupunguza, kuonyesha kwamba kilichochukuliwa ni kidogo, sisi mara nyingi hulitumia kuongeza, kuonyesha kwamba hata kile kidogo kilitosha. Aliyeonja joto ya jiwe hahitaji kupewa lingine.

Juu ya mauti, lugha nyingi zimekutana mahali pamoja. Biblia ya Kilatini iliyosahihishwa na Jerome mwishoni mwa karne ya 4 yatumia gustare kwa kufa, nayo tafsiri za Kiswahili zimetumia kuonja. Kurani Tukufu yasema juu ya kila nafsi kuonja mauti mahali patatu. Sijui neno jingine la jikoni lililofika mbali namna hiyo.

Nilisema nilinaswa. Nilipotoka chuoni na cheti changu nilifundisha shule ya msingi kwa miaka michache kabla sijahamia ofisi hii niliyomo. Katika somo la sayansi nilikuwa nikichora ulimi mkubwa ubaoni kwa chaki ya rangi: ncha ni ya utamu, kando za mbele ni za chumvi, kando za nyuma ni za ukali wa ndimu, na nyuma kabisa ni uchungu wa kwinini. Watoto waliinakili picha, wakaulizwa katika mtihani, wakapata alama. Picha ile si kweli. Ladha zote huweza kuonjwa sehemu zote za ulimi zenye vinundu vya kuonjea. Kama kuna tofauti ya sehemu na sehemu, ni ndogo sana. Chanzo chake ni uchunguzi wa Mjerumani mmoja, D. P. Hänig, uliotolewa mwaka 1901, nao ulionyesha tofauti hizo ndogo. Kisha mwaka 1942 Edwin Boring, mtaalamu wa Kimarekani, akazichora upya kwa namna iliyowafanya wasomaji wadhani kwamba mahali palipo dhaifu kidogo hapaonji kabisa. Kutoka hapo picha ikaenda kutoka kitabu hata kitabu mpaka ikafika ubaoni kwangu. Wala sikuwafundisha ladha ya tano, ile ya supu ya mifupa na dagaa waliokauka, ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliitambulisha mwaka 1908. Mwaka 1908! Mtoto yeyote katika darasa lile angaliweza kunishinda kwa kuweka punje ya chumvi nyuma ya ulimi wake. Hakuna aliyejaribu, kwa kuwa mwalimu alikuwa amekwisha kusema. Mwalimu naye alikuwa ameionja sayansi kwa ncha ya midomo, na siku hizi baadhi ya wanafunzi wale wamevaa sare na huenda wanausoma ukurasa huu. Nawaomba radhi.

Turudi kwenye neno. Wachunguzi wa lugha wamelifuata gustare nyuma kabisa hata mzizi wa kale unaoshirikiwa na lugha nyingi za Ulaya na Uhindi, na mzizi huo una maana mbili zilizofungamana: kuonja na kuchagua. Kutoka mzizi huo huo Wagiriki walipata kitenzi chao cha kuonja, na Waingereza wakapata kitenzi chao cha kuchagua. Maana yake ni nini? Ni kwamba kwa watu wale wa kale, aliyeonja alikuwa tayari anachagua. Alitia ulimini ili aseme ndiyo au la.

Watoto wa gustare wametawanyika. Wafaransa wana goûter, nalo si kuonja tu, bali pia ni jina la kile kitafunio cha watoto watokapo shule alasiri. Wenzetu wa Kongo na Burundi waliosoma Kifaransa watalijua. Wahispania wamelipindua kitenzi hata chakula kikawa ndicho kitendacho: hawasemi nakipenda chakula, husema chakula chanipendeza. Hapo Kiswahili na Kihispania wangeweza kupeana mikono. Na mtu aliyechukizwa kabisa na jambo, Mfaransa na Mwingereza wote wawili humweleza kwa neno lililojengwa juu ya gustare lililokanushwa: jambo limemtoa ladha.

Lakini Warumi walikuwa na kitenzi cha pili cha ladha, nacho kina mambo zaidi. Ni sapere. Hiki kilitumika kwanza kwa chakula chenyewe: kitu kina ladha. Halafu kilitumika kwa mtu: mtu ana ladha, yaani ana akili, anajua kupambanua. Mwenye sifa hiyo aliitwa sapiens, mwenye busara. Na mwaka 1758 Msweden Carl Linnaeus, alipokuwa akiwapa wanyama wote majina yao ya kitaalamu, alimpa binadamu jina la Homo sapiens. Tumezoea kulifasiri kuwa ni mtu mwenye hekima. Ukiufuata mzizi wake hata jikoni, ni mtu ajuaye ladha. Wahispania hata leo wana kitenzi kimoja, saber, kwa kujua na kwa kuwa na ladha fulani: supu "yajua" vitunguu. Na kinyume chake ni hicho hicho. Kwa Kilatini chakula kisicho na ladha na mtu asiye na busara waliitwa kwa majina ya ukoo mmoja.

Hata chumvi kwao ilikuwa akili. Maneno yenye chumvi yalikuwa maneno ya mtu mwerevu mwenye kuchekesha. Mtu asiyetiwa chumvi alikuwa mpumbavu. Loo, jaribu kumwambia shahidi mahakamani hapa kwetu kwamba maneno yake yana chumvi, uone kama atashukuru! Kwetu kutia chumvi ni kuongeza uongo. Na kwa kuwa nimeigusa chumvi, wengi wamenieleza katika barua zao kwamba neno la Kiingereza la mshahara latoka kwenye chumvi. Ni kweli, latoka kwa Kilatini salarium, na Plinius Mzee, aliyekuwa mkuu wa manowari za Kirumi hata alipokufa katika mlipuko wa Vesuvius mwaka 79, aliandika kwamba jina hilo lahusiana na chumvi. Lakini hakuandika kwamba askari walipewa magunia ya chumvi mwisho wa mwezi. Hiyo tumeitia chumvi sisi. Mshahara wetu wa Kiswahili umetoka kwa Waarabu, katika neno lao la mwezi, na kwa hiyo una haki ya kufika kila mwezi.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika, karatasi ziko tayari, ilipokuja barua ya pili ya yule mama.

Alikuwa amemwuliza mumewe waziwazi, usiku, watoto wamelala: "Wanishuku nini?" Bwana akanyamaza kwa muda mrefu. Halafu akamweleza. Alipokuwa kazini alishikwa na mafua makali na homa, akapona, lakini pua yake haikupona. Hasikii harufu yoyote, na chakula chote kwake ni kama karatasi iliyolowana. Mwanzoni alidhani itarudi. Haikurudi. Hakumwambia mganga wa kikosi, kwa kuwa askari asiyesikia harufu ya moshi wala ya mafuta yanayovuja aliogopa ataandikwa kuwa hafai kwa kazi. Alipokuwa nyumbani kwa likizo fupi, kabla ya kurejea moja kwa moja, alimpa mtoto wao mdogo maziwa yaliyokuwa yameharibika. Yeye mwenyewe alikuwa ameyaonja kwanza, akayaona sawa. Mtoto akaumwa siku tatu. Tangu hapo bwana huyu hauamini ulimi wake. Aliposema "onja kwanza" hakuwa akimshuku mkewe. Alikuwa akimwomba awe ulimi wake, na hakujua namna ya kuomba bila ya kufichua siri.

Nililirarua jibu langu la kwanza.

Nilikwenda kumwuliza tabibu mmoja ninayemfahamu, na haya ndiyo aliyonieleza, niyaonayo kuwa ya manufaa kwa nyumba zote. Sehemu kubwa ya kile tukiitacho ladha si kazi ya ulimi. Ulimi watambua utamu, chumvi, ukali wa ndimu, uchungu, na ile ladha ya supu. Mengine yote, yaani kitunguu kuwa kitunguu na kahawa kuwa kahawa, hutokana na harufu ipandayo puani kupitia nyuma ya koo. Ziba pua yako, ufumbe macho, upewe kipande cha tufaha na kipande cha kiazi kibichi, utaona taabu. Chembe za kuonjea zilizo ulimini huzaliwa upya kila baada ya siku kumi hivi au majuma mawili, na kwa hiyo ulimi uliounguzwa na chai hupona. Harufu ina safari ndefu zaidi. Mafua huweza kuiharibu, na tangu mwaka 2020 ulimwengu mzima ulijifunza hivyo kwa ugonjwa wa UVIKO-19, uliowanyang'anya watu wengi harufu, wengine kwa majuma, wengine kwa muda mrefu. Mtu wa namna hiyo si mvivu wala si mwenye kiburi akiacha chakula sahanini. Aende kwa mganga mapema.

Tabibu akaniambia jambo jingine, nalo nalisema kwa akina mama na akina baba wapikao. Ulimi mzima pia si mlinzi wa kutosha. Viini vingi viletavyo kuhara na kutapika havina ladha wala harufu. Chakula kilicholala nje katika joto kisijaribiwe kwa kuonja, kimwagwe. Na uyoga wa porini usiojulikana usionjwe kamwe. Ule uyoga hatari kuliko yote wa Ulaya, wasema waliounusurika, ni mtamu, na maumivu yake huanza baada ya saa sita au zaidi, wakati mwonjaji amekwisha kusema chakula ni salama na watu wote wamekwisha kula. Yamkini hata Halotus, kama alikuwa mwaminifu, asingaliweza kumwokoa bwana wake kwa uyoga wa namna hiyo.

Yule koplo amekwenda kuonana na mganga wa kikosi. Hakuandikwa kuwa hafai. Amepewa kazi nyingine ya muda huko huko kambini. Ameambiwa ajizoeze kunusa: vitu vinne vyenye harufu kali za namna mbalimbali, kila kimoja kwa nusu dakika hivi, asubuhi na jioni, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, naye akinusa aikumbuke harufu jinsi ilivyokuwa. Si dawa ya hakika, lakini wengine imewasaidia. Mkewe amempangia vikopo vinne dirishani: karafuu, ganda la limau, majani ya mkaratusi yaliyopondwa, na maua ya waridi aliyoyapata kwa jirani yule yule wa upande wa pili wa ukuta. Mama ndiye anayefungua kila kikopo. Chakula naye huonja yeye kwanza, mezani, mbele ya mama mkwe, kisha humwambia mumewe: chumvi imetosha, pilipili iko kidogo, maziwa ni mazima.

Katika mistari ya mwisho ya barua yake asema kwamba juma la saba, asubuhi, bwana alifumba macho akapelekewa kikopo cha karafuu. Akanusa, akakaa kimya, akanusa tena. Akasema ni limau. Lilikuwa kosa, asema mama, nalo lilimfanya akae chini sakafuni na kikopo chake mkononi, kwa kuwa majuma sita yote yaliyotangulia alikuwa akijibu neno moja tu: hakuna.